Kitenzi Kufuta na Historia ya Kurejesha Mafaili ya Kompyuta

Mwalimu afutapo ubao, chaki hugeuka vumbi na maneno hayasomeki tena. Maana hiyo ndiyo wengi waichukuliayo wanaposikia kwamba faili la kompyuta limefutwa, nayo imewapotosha hata watu wenye madaraka makubwa. Kwa hakika, mashine iamriwapo kufuta hutenda jambo lililo karibu zaidi na matumizi mengine ya kitenzi hichohicho: mtu akifutwa kazi, jina lake huondolewa katika orodha, naye mwenyewe yungali hai.

Mfumo wa MS-DOS, ulioenea pamoja na kompyuta ndogo ya IBM tangu mwaka 1981, wadhihirisha jambo hili. Kila diski ilikuwa na orodha ya majina, pamoja na jedwali lililoonyesha kila faili limekaa katika vipande vipi vya diski. Faili lilipofutwa, herufi ya kwanza ya jina lake iligeuzwa kuwa alama maalumu, yenye namba 229, na vipande vyake vikahesabiwa kuwa huru. Maandishi yenyewe yalibaki mahali pake mpaka faili jingine liandikwe juu yake. Mmarekani Peter Norton aliitumia siri hiyo, na mwaka 1982 akatoa programu ya kurejesha yaliyofutwa, ambayo ilimpatia umaarufu. Mwaka 1991 MS-DOS 5 nayo ilikuja na amri yake ya kazi hiyo. Amri hiyo ilimwomba mtumiaji ataje herufi ya kwanza ya jina, kwani ndiyo pekee iliyokuwa imepotea! Ugumu halisi ulitokea pale vipande vya faili vilipokuwa vimetawanyika. Jedwali halikuhifadhi tena mfuatano wao, ikabidi kuviunga kwa kukisia, kama mhakiki aungaye kurasa za mswada uliochanika. Na mwanafunzi aliyepoteza tasnifu yake, kisha akaendelea kupiga chapa katika disketi ileile, alikuwa akiizika kwa mikono yake mwenyewe.

Njia ya pili ya kurejesha haitegemei mabaki ya diski, bali nakala zilizowekwa kando. Mfano wake mashuhuri umo katika historia ya siasa. Mnamo Novemba 1986 ilifichuka kwamba maofisa wa Ikulu ya Marekani waliiuzia Iran silaha kwa siri, na sehemu ya faida ikapelekwa kwa waasi wa Nicaragua. John Poindexter, mshauri wa rais kuhusu usalama, alifuta barua zaidi ya 5,000 katika mfumo wa PROFS, uliotumiwa na ofisi yake kupelekeana ujumbe. Msaidizi wake Oliver North alifuta zaidi ya 700. Tarehe 25 ya mwezi huo Poindexter alijiuzulu, na North akafutwa kazi (kitenzi ni kilekile). Wote wawili hawakuzingatia kwamba mfumo ulikuwa ukinakiliwa mara kwa mara katika kanda za sumaku. Kanda hizo hazikuandikiwa upya, bali zilihifadhiwa, na Tume ya Tower ilizisoma, ikachapisha sehemu ya barua hizo katika ripoti yake ya Februari 1987.

Kisa hicho kilikuwa na mwendelezo ambao mtu wa lugha hapaswi kuupita. Januari 1989, Rais Reagan alipokuwa akiondoka madarakani, kanda zilikaribia kufutwa. Shirika la utafiti liitwalo National Security Archive lilikwenda mahakamani, na jaji akazuia. Serikali ilidai kwamba inatosha kuchapisha barua kwenye karatasi. Mwaka 1993 mahakama ilikataa hoja hiyo, kwa sababu karatasi yaweza kukosa majina ya waliopokea na saa ya kupokea. Ni hukumu ambayo mwanafilolojia yeyote angeitia sahihi: nani alijua nini, na lini, ni sehemu ya matini.

Kuna hali moja ambayo nakala ikikosekana haina dawa, nayo ni kuandika juu. Picha za mwezini za Julai 1969 zilifika duniani zikiwa bora kuliko zile zilizoonekana na watazamaji, kwa kuwa zilibadilishwa kwanza ili zilingane na mitambo ya televisheni. Picha asilia zilirekodiwa katika kanda pamoja na vipimo vya chombo. Baada ya uchunguzi wa miaka kadhaa, shirika la NASA lilitangaza mwaka 2009 kwamba kanda hizo, 45 hivi, yamkini zilifutwa na kurekodiwa data nyingine, wakati kanda zilipokuwa adimu. Hakuna programu iliyoweza kuzirejesha. Mafundi walilazimika kuanzia kwenye rekodi zilizosalia za matangazo ya televisheni, wakazisafisha kadiri ilivyowezekana, na hizo ndizo picha zilizotolewa upya mwaka huo.