Somo la Dini Katika Shule za Sekondari: Lilikotoka na Lilipofikia

Chama chetu hupokea maombi ya karo kutoka kwa wazazi wa dini mbalimbali, na swali moja halikosi kurudi: mtoto akipata nafasi katika shule ya sekondari iliyojengwa na watu wa dini nyingine, atafundishwa dini gani? Kamati imeona yafaa wanachama wajue asili ya swali hili, maana si la jana.

Pwani yetu ilikuwa na vyuo kabla ya Wazungu kufika. Lamu, Pate na Mombasa watoto walijifunza kusoma kwa Kurani, na elimu na dini vilikuwa kitu kimoja. Wamisionari nao walikuja na fikira iyo hiyo. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann wakaanzisha kituo cha Rabai. Baadaye, huko Ugikuyu, Wakristo wa kwanza waliitwa athomi, yaani wasomaji. Kujua kusoma na kubatizwa vikawa vitu visivyotengana.

Shule za sekondari za Waafrika zilianza mikononi mwa misheni. Wakatoliki walifungua shule ya Kabaa mwaka 1925, ambayo ndiyo asili ya Mang'u. Waprotestanti wakafungua Alliance, Kikuyu, mwaka 1926. Serikali ya kikoloni ilitoa ruzuku, misheni zikaendesha shule. Hivyo mlango wa elimu ya juu ukawa ndani ya ua wa kanisa.

Mzazi wa Kiislamu aliyesimama mbele ya mlango huo aliikumbuka methali isemayo, mwacha mila ni mtumwa. Wengi waliwazuia watoto wao, na hasara ikaonekana zilipotafutwa kazi za ukarani, ualimu na uganga wa hospitali. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, katika magazeti yake Sahifa (1930) na Al-Islah (1932), aliwahimiza Waislamu watafute elimu ya kisasa pasipo kuiacha dini yao. Mwaka 1951 Chuo cha Elimu ya Kiislamu cha Mombasa kilifunguliwa, kikafundisha ufundi.

Bara nako hapakuwa na utulivu. Mwaka 1929 baadhi ya misheni za Ugikuyu ziliwataka walimu na waumini waikane tohara ya wasichana. Wazazi wengi walijitenga, wakajenga shule zao wenyewe. Hawakuikataa Biblia, walikataa kwamba mgeni peke yake ndiye aamue lipi katika mila lakubalika kwa Mungu. Serikali ilizifunga nyingi za shule hizo baada ya Hali ya Hatari kutangazwa mwaka 1952.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, Tume ya Elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde ilipewa kazi ya kuchunguza mambo haya. Taarifa yake ya mwaka 1964 ilishauri kwamba dini ifundishwe kama somo la elimu, sawa na masomo mengine, wala isiwe chombo cha kuwavuta watoto kuingia dini fulani. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ikaziweka shule za misheni chini ya usimamizi wa serikali, makanisa yakabaki wadhamini. Sheria hiyo ilimpa mzazi haki ya kuomba mtoto wake asihudhurie ibada wala somo la dini.

Haki hiyo ilikuwa kubwa, lakini yafaa tuitazame kwa makini. Ruhusa ya kutoka darasani si somo. Wenzake wakifungua vitabu, mtoto huyu huketi nje chini ya mti, au hufanya hesabu za jana; na mwisho wa muhula hana alama ya dini yoyote. Elimu ya Dini ya Kiislamu na ya Kihindu zimewekewa mitihani kama ile ya Kikristo, lakini mtihani bila mwalimu haumfai mtoto.

Jambo la kutia moyo ni kwamba somo lenyewe lilipanuka. Mwaka 1969 Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alitoa kitabu chake maarufu juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Imani za wazee wetu zikaingia hata katika muhtasari wa somo la Kikristo la sekondari, na mtoto akajifunza darasani kwamba babu yake naye alimjua Mungu.

Katiba ya mwaka 2010 yasema hakuna dini ya serikali, na yalinda uhuru wa dhamiri. Hata hivyo mabishano hayakwisha. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilitengua hukumu ya Mahakama ya Rufani iliyowaruhusu wasichana wa Kiislamu kuvaa hijabu katika shule ya Isiolo inayodhaminiwa na Kanisa la Methodisti.

Kwa hiyo Kamati yatoa shauri. Kila mwanachama mwenye mtoto sekondari aende kwa mwalimu mkuu, aulize watoto wangapi hutoka wakati wa kipindi cha dini, na huenda wapi. Wazazi wa shule jirani waweza kushirikiana kumwomba mwalimu mmoja atakayezunguka. Na mwalimu anayeeleza imani ya jirani aieleze kwa maneno ambayo jirani mwenyewe, lau angekuwapo, angeyakubali.