UVIKO-19 na afya ya akili Kibaha na Kisarawe
UVIKO-19 iliathiri akili kwa njia mbili: hofu ya janga, na virusi vyenyewe, ambavyo huweza kumwachia aliyepona uchovu, usahaulifu, kukosa usingizi na sonona kwa miezi kadhaa. Kibaha na Kisarawe, zilizo Mkoa wa Pwani, zinapakana na Dar es Salaam. Tanzania haikuwafungia watu majumbani, hivyo waliotegemea jiji kwa riziki waliendelea kwenda na kurudi na wasiwasi wao. Shule, hata hivyo, zilifungwa Machi 2020. Baada ya Aprili 29 mwaka huo, wagonjwa wakiwa 480, takwimu za taifa zilikoma kutangazwa. Ukimya huo, pengine kuliko idadi yoyote, ulilisha uvumi. Utoaji wa chanjo ulizinduliwa Julai 2021.