Mfumo "unaboreshwa" usiku: kinachofanyika nyuma ya simu yako

Msikilizaji wa Mabamba anaufahamu ujumbe huu: kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri huduma za fedha kwa simu hazitapatikana, mfumo unafanyiwa maboresho. Kwa aliyelala si neno. Kwa mnunuzi wa maharage anayetaka kumlipa dereva wa lori usiku huohuo, au aliyempeleka mgonjwa Kibondo mjini na fedha zote ziko kwenye simu, usiku huo ni mrefu. Ni haki yake kuuliza: wanaboresha nini, na kwa nini lazima wafunge?

Tuanze na salio lako. Halikai ndani ya simu wala kwenye laini. Limeandikwa kwenye kanzidata, yaani daftari kubwa la kompyuta lililo mbali na wewe. Katika benki nyingi kubwa duniani daftari hilo limo ndani ya meinfremu, kompyuta kubwa zilizotengenezwa kushughulikia miamala mingi mno bila kupumzika. Kanzidata peke yake haifanyi kazi. Kuna programu zinazosoma na kuandika humo: moja inakata ada, nyingine inahamisha fedha, nyingine inakutumia ujumbe wa uthibitisho.

Shida huanza pale kimoja kinapobadilika na kingine kikabaki kama zamani. Chukua kikundi cha VICOBA. Daftari lina safu za hisa, mkopo na faini. Wanachama wanakubaliana kuongeza safu ya mfuko wa jamii katikati. Katibu anachora safu mpya, lakini mweka hazina hakuwepo siku hiyo na anaendelea kuhesabu safu kwa mazoea. Mwisho wa mwezi faini zimesomwa kama mfuko wa jamii. Hakuna aliyeiba, ila daftari linasema uongo.

Hapa kwetu mabadiliko ya namna hiyo yaligusa kila mwenye simu tarehe 15 Julai 2021, tozo ya serikali kwenye kutuma na kutoa fedha ilipoanza, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi. Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mjadala wa tozo ulikuwa wa bungeni na vijiweni, lakini kwa mafundi wa mitandao kila uamuzi ulikuwa ni hesabu mpya ya kuingizwa kwenye mfumo unaofanya kazi mchana na usiku. Mtu akituma fedha kabla ya tozo kuanza akatwe kwa hesabu ya zamani. Akituma baada ya hapo akatwe kwa mpya.

Kwenye meinfremu kuna programu maalumu za kusimamia kazi hii, mojawapo ikiitwa Endevor. Mfano wake ni mtunza ghala mkali. Anahifadhi kila toleo la programu, la jana na la leo, na anaandika nani alibadilisha nini, lini, kwa sababu gani. Fundi haruhusiwi kupeleka kazi yake moja kwa moja kwa wateja: inapita kwanza kwenye majaribio, na anayeidhinisha asiwe yule aliyeiandika. Zaidi ya yote, programu na sehemu zake zinazohusu kanzidata zinasafiri pamoja.

Kanzidata nayo ina ulinzi wake. Db2 ya kampuni ya IBM, iliyoanza mwaka 1983, inagonga alama moja ya muda kwenye programu na kwenye maelezo ya jinsi programu hiyo inavyoifikia kanzidata. Alama zikitofautiana, Db2 inakataa kazi na kutoa kosa namba 818, lenye alama ya kutoa mbele yake. Mteja ataona huduma imegoma na atakasirika. Lakini kugoma kuna nafuu kuliko kuandika salio lisilo sahihi kimyakimya.

Sehemu ngumu kuliko zote ni kurudi nyuma. Watu hudhani kipya kikishindwa unarudisha cha zamani, basi. Waulize benki ya RBS ya Uingereza. Jumapili tarehe 17 Juni 2012 walibadilisha programu ya kazi za usiku za kuingiza miamala kwenye akaunti. Walipoona dalili za kasoro wakaiondoa, bila kujaribu kwanza matokeo ya kuiondoa. Ya zamani na mpya hazikupatana. Wateja zaidi ya milioni 6.5 walipata usumbufu, na wale wa Ulster Bank, benki tanzu yake, walihangaika hadi Julai. Mwaka 2014 wasimamizi wa benki waliitoza RBS faini ya pauni milioni 56.

Ndiyo maana kazi kubwa hufanywa usiku, miamala ikiwa michache, na daftari hufungwa kwa muda ili pasiwe na anayeandika wakati safu zinachorwa upya. Kwa maoni yetu kampuni iliyotangaza saa zake mapema imekuheshimu. Inayofunga bila taarifa siku ya gulio ndiyo ya kulalamikiwa.

Sasa upande wako. Ukiwa umetuma fedha na ujumbe wa uthibitisho haujaja, usitume tena papo hapo. Angalia salio kwanza mfumo ukirudi, kwa sababu muamala wa kwanza unaweza kuwa umepita na ujumbe ndio uliochelewa. Ukikuta umekatwa na mwenzako hajapokea, piga namba ya huduma kwa wateja ya mtandao wako ukiwa na saa, kiasi na namba ya muamala kama unayo.

Matapeli nao hupenda usiku kama huu. Atakupigia mtu akisema mfumo umebadilishwa, anahitaji namba yako ya siri akurekebishie akaunti. Mkatie simu. Mabadiliko yote tuliyoeleza yanafanyika bila fundi yeyote kuhitaji namba ya siri ya mteja.

Wakala wa gulioni apange float yake kabla ya saa iliyotangazwa, na muamala uliokwama auandike kwenye daftari la karatasi, mteja akiwa bado amesimama mbele yake.