Wito uliomleta Krapf Mombasa, na waliobaki Rabai

WENGI wanaposikia jina la Johann Ludwig Krapf hukumbuka Mlima Kenya, ambao aliuona akiwa Ukambani mnamo Desemba 3, 1849. Lakini si mlima uliomtoa kwao. Mjerumani huyo alikuwa amejitolea kuwahubiria Waoromo wa Ethiopia, na alifika Mombasa baada ya kufungiwa njia ya huko.

Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen. Akiwa na umri wa miaka 11 alipigwa vibaya na jirani kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua kwa takriban miezi sita. Alipokuwa kitandani aliisoma Biblia kwa bidii. Baadaye, shuleni, alivutiwa na ramani ya Afrika na kitabu cha safari za James Bruce nchini Ethiopia. Siku moja mwalimu mkuu aliwasomea wanafunzi makala kuhusu kazi ya kueneza Injili ng’ambo, na kijana huyo akaona kwamba ujumbe ule ulimhusu. Alitembea kwa miguu hadi Basel, Uswisi, kuomba nafasi katika chuo cha wamishonari, ila akaambiwa kuwa bado ni mdogo.

Alipokubaliwa mwaka 1827 hakudumu. Alishikwa na shaka, akaacha chuo, akasomea theolojia Tübingen na kuhudumu kanisani kwa muda kabla ya kuurudia mpango wake wa awali. Mwaka 1837 alitumwa Ethiopia na CMS, shirika la kimishonari la Kanisa la Uingereza. Shirika hilo lilikuwa na upungufu wa Waingereza waliokuwa tayari kwenda Afrika, hivyo likategemea sana vijana waliofunzwa Basel.

Alifanya kazi Shewa hadi mwaka 1842, alipoondoka kuelekea pwani. Njiani aliporwa mali yake, na hakuruhusiwa kurejea. Mwaka huo huo alimwoa Rosine Dietrich huko Misri. Walipojaribu tena kuingia Ethiopia, binti yao wa kwanza alizaliwa jangwani na kufariki. Walimwita Eneba, maana yake ‘chozi’ kwa lugha ya Kiamhari.

Hapo ndipo Krapf alipowaza kuwafikia Waoromo kwa kupitia pwani ya kusini. Aliwasili Zanzibar Januari 1844, akapewa na Sultan Seyyid Said barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, kisha akahamia Mombasa. Julai mwaka huo homa iliwashika yeye na mkewe. Rosine alifariki siku chache baada ya kujifungua, na mtoto akamfuata. Kwa ombi lake mwenyewe alizikwa bara, upande wa pili wa maji, mahali ambapo leo ni Nyali. Kaburi lake lingalipo.

Pengine mtu mwingine angeabiri jahazi la kwanza. Krapf alibaki, akawaandikia wakuu wake London kwamba kaburi hilo lilikuwa ishara ya kazi kuanza. Tayari alikuwa akitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Ali bin Muhyiddin. Ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba msomi wa Kiislamu ndiye aliyemsaidia mmishonari katika kazi hiyo.

Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, kijana wa miaka 26 kutoka Gerlingen. Agosti 25 mwaka huo walipanda kwenda Rabai kuanzisha kituo miongoni mwa Wamijikenda. Wote wawili walikuwa na homa, na kwa kuwa punda alikuwa mmoja tu, walimpanda kwa zamu.

Kuanzia hapo wawili hao walitofautiana. Krapf aliota msururu wa vituo vya misheni kutoka pwani hii hadi ile ya magharibi. Rebmann naye alisafiri Taita na Uchagani, na Mei 11, 1848 akauona Kilimanjaro, lakini baada ya chifu wa Machame kumnyang’anya bidhaa zake mwaka 1849, aliacha safari za mbali. Aliamini kwamba mhubiri hana budi kukaa mahali pamoja na kujifunza lugha. Krapf alirudi Ulaya mwaka 1853, afya yake ikiwa imedhoofika. Rebmann alikaa Rabai takriban miaka 29. Historia imempa Krapf sifa zaidi, na huenda haikutenda haki.

Waumini waliopatikana walikuwa wachache mno. Wa kwanza, Mringe, mlemavu, alibatizwa mwaka 1851 akikaribia kufa. Mavuno yao makubwa yalikuwa maneno. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf, iliyotoka mwaka 1882, imehifadhi Kimvita cha wakati ule, miongo kadhaa kabla ya Kiunguja kuteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Rebmann naye, bila kuondoka Rabai, alikusanya msamiati wa lugha ya Malawi kutoka kwa mtumwa aliyeitwa Salimini.

Kanisa lenyewe lilikuzwa hasa na Waafrika waliokuwa wamevushwa bahari bila hiari. William Jones na Ishmael Semler, waliokombolewa utumwani na kusomeshwa India, walifika Rabai mwaka 1864. Jones, Myao kwa asili, alikuja kuwa kasisi. Askofu James Hannington alipouawa Busoga mwaka 1885, ndiye aliyeurudisha msafara pwani. Majina ya watu hawa hayatajwi sana, ilhali wao ndio waliofundisha na kuhubiri siku hadi siku.

Rebmann aliondoka Rabai mwaka 1875 akiwa kipofu, akisindikizwa na Isaac Nyondo, Mrabai aliyekuwa mwanafunzi wake. Alihamia Korntal, alikoishi Krapf, akafariki Oktoba 1876. Krapf alifariki huko huko Novemba 1881. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake ilikuwa bado haijatoka.