Pareto na Wakulima wa Milimani

Pareto iliingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Asili yake ni Dalmatia, pwani ya Kroatia, ambako tangu karne ya 19 watu waliyakausha maua yake meupe na kuyasaga kuwa unga wa kuulia viroboto. Nchini Kenya, nyanda za juu za Molo na Kinangop ziliifaa sana, kwa sababu pareto haichanui vizuri mpaka ipate baridi. Vita Kuu ya Pili ilipoiondoa sokoni Japani, muuzaji mkubwa wa wakati huo, Kenya ilishika nafasi yake. Mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni, ulioitwa Mpango wa Swynnerton, wa 1954 ukawahimiza wakulima wadogo Waafrika kulima mazao ya biashara, pareto ikiwemo, na zao hilo likasomesha watoto wengi wa milimani, Kisii nako pia.

Mkulima hakulipwa kwa uzito peke yake. Maua yake yalipimwa kiwango cha pairethrini, yaani sumu yenyewe, na hapo ndipo siri ya mmea ilipogusa mfuko wa mtu.

Pareto haisambazi sumu hiyo sawasawa mwilini. Sehemu kubwa kabisa imo kwenye ua, katika vijitunda vyenye mbegu. Jeni inayoanzisha utengenezaji wa nusu moja ya molekuli ya pairethrini hufanya kazi ndani ya vinyweleo vya tezi vilivyo juu ya kijitunda. Kisha nusu hiyo husafirishwa hadi ndani, ambako kimeng'enya huiunga na nusu ya pili. Jani likijeruhiwa, harufu inayotoka huweza kuamsha jeni za kutengeneza pairethrini hata katika mche wa jirani. La kustaajabisha zaidi ni mbegu inapoota: mche mchanga hunyonya pairethrini iliyoachwa na mmea mama kwenye ganda, ukalindwa dhidi ya wadudu na ukungu kabla haujaweza kujitengenezea.

Kwa kuwa pareto haijichavushi yenyewe, watoto wa mbegu hawafanani na mama. Ndiyo maana watafiti wa Molo walichagua mashina yenye sumu nyingi na kuyazidisha kwa kuyagawa.

Wanakemia nao hawakulala. Staudinger na Ružička walieleza sehemu kubwa ya umbile la pairethrini mwaka 1924. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake, huko Rothamsted, Uingereza, wakatangaza permethrini, dawa ya kiwandani isiyoharibiwa upesi na jua kama ile ya asili. Vyandarua vyenye dawa tunavyolalia leo vinatumia dawa za ukoo huo.

Ushindani wa dawa hizo za kiwandani uliumiza, lakini haukuwa pigo kubwa kuliko yote. Katika miaka ya 2000 malipo ya wakulima wa Kenya yalichelewa mno, wengi wakang'oa pareto na kupanda viazi, huku Tasmania ikichukua uongozi wa dunia. Sasa miche inagawiwa upya Nakuru na kaunti jirani. Wanaoigawa wahakikishe kwanza kwamba fedha za maua zitamfikia mkulima kwa wakati.