Watoto wa Tristan da Cunha na Mwaka wa Ugenini
Kisiwa cha Tristan da Cunha kimo katika Atlantiki ya Kusini, yapata kilomita 2,800 kutoka Cape Town. Oktoba 1961 volkano ililipuka kando ya kijiji chake cha pekee. Wakazi wote, wapatao 260, wakahamishiwa Uingereza. Watoto ambao kwao masomo yalikwenda sambamba na kilimo cha viazi na uvuvi wakaingizwa katika shule za ugenini. Yeyote angedhani wazazi wangebaki kwa ajili ya shule hizo. Haikuwa hivyo: Desemba 1962 walipiga kura, 148 wakitaka kurudi, 5 tu wakipinga. Walirejea mwaka 1963. Jengo jipya la shule lilipatikana 1975. Hata hivyo, mwaka 1966 baadhi yao, waliokwisha kuonja maisha ya Uingereza, walipanda meli tena.