Mshenga wa jino

Wadau, leo tuongee meno. Sio ya tembo, haya haya ya kutafunia.

Ukiwa Dar na jino limetoboka, unauliza bei ya kuziba. Ukiwa kijijini, tuseme Sepuka kule Singida, mara nyingi unauliza linang'olewa lini. Nyuma ya tofauti hiyo kuna historia ya kitu kidogo sana: uso wa chembe ya unga.

Mwanzoni mwa karne ya 19, Wafaransa walikuwa wakikwangua sarafu za fedha, wanachanganya unga wake na zebaki na kuzibia meno. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wataelewa haraka, maana ni zebaki ile ile wanayokamatia dhahabu. Inakula uso wa kila chembe, chembe zinaungana, mchanganyiko unakuwa mgumu. Hiyo ndiyo amalgamu. Chama cha madaktari wa meno kilichoundwa Marekani mwaka 1840 kiliwaapisha wanachama wasiitumie. Wapi! Chama kikafa mwaka 1856, amalgamu ikabaki. Ila haigandi kwenye jino, hivyo daktari anachimba hata sehemu nzima ili ipate pa kushikilia.

Mwaka 1962 Mmarekani Rafael Bowen akapata hataza ya rezini, plastiki iliyochanganywa na unga wa silika. Tatizo ni kwamba plastiki na silika havipendani. Ukivichanganya hivi hivi, chembe zinachomoka. Bowen akazipaka kwanza sileni, kemikali yenye mikono miwili: mmoja unashika chembe, mwingine unashika rezini. Kwa Kiswahili chetu huyo ni mshenga.

Chembe za metali ni wagumu zaidi kuozesha. Watafiti wamejaribu kutengeneza rezini yenye unga wa metali unaovutwa na sumaku. Lakini sileni imezoea silika, haishiki metali vizuri, na chuma kikiguswa na mate kinapata kutu. Dawa mojawapo ni kuvalisha metali koti la silika kwanza, ndipo mshenga aingie.

Mambo mazuri hayo, ila yanataka umeme, taa maalumu na mashine. Hapo ndipo Tanzania inapoingia, na wengi hatujui. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alianzisha njia ya kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono tu, kisha kuziba kwa saruji inayoshika jino yenyewe. Baadaye ikatumika glasi ionoma, iliyobuniwa Uingereza. Hakuna umeme, hakuna mashine, na mshenga hahitajiki. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe njia hiyo, na leo inajulikana duniani kwa jina la ART.

Mwaka 2013 dunia ilikubaliana, kwa Mkataba wa Minamata, kupunguza zebaki, amalgamu ikiwemo. Ikiondoka, mjini kuna rezini. Kijijini je? Jibu lilizaliwa hapa hapa kwetu miaka 40 hivi iliyopita. Linahitaji mtu aliyefundishwa, vifaa vichache na kopo la saruji.

Jino likishang'olewa halirudi. Wadau, mnasemaje?